Kabla ya Kuuliza "Amekula?", Uliza Kama Anameza

Ndugu wakifika wodini, swali lao la kwanza kwetu wauguzi ni kama mgonjwa amekula. Mimi ningependa waanze na lingine: anameza vizuri?

Nimonia ya kupaliwa hutokea chakula, mate au matapishi yanapoingia kwenye njia ya hewa na kufika mapafuni. Mwenye afya akipaliwa hukohoa mpaka kitoke. Lakini aliyepata kiharusi, mwenye Parkinson (ugonjwa wa neva unaotetemesha na kukakamaza mwili), au ambaye dawa za usingizi hazijamtoka, huenda asikohoe kabisa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Nimewaona wagonjwa wakimaliza bakuli kimya, ndugu wanafurahi, kisha kesho yake homa imepanda, pumzi zinakimbizana, oksijeni imeshuka. Sikiliza sauti yake baada ya kumeza. Ikitoka kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kulisha, mwite muuguzi.

Mgonjwa wa kiharusi asipewe chochote mdomoni, hata maji au kidonge, kabla hajapimwa kumeza. Akiruhusiwa, akae wima, awe macho kweli kweli, alishwe kidogo kidogo, na asilazwe mara tu amalizapo. Nusu saa hivi inatosha. Anayelishwa kwa mpira wa puani, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Mpira wenyewe si kinga, ingawa wengi huuona hivyo: mate bado hupita, na chakula huweza kupanda kutoka tumboni.

Ninachogombana nacho zaidi ni kinywa kichafu. Vijidudu vingi vinavyoshambulia mapafu hutoka kwenye meno na ulimi, na asiyekula kwa mdomo ndiye husahaulika kupigwa mswaki. Mswaki asubuhi na jioni, meno ya bandia yatolewe usiku. Kazi hii ndugu anaweza kuifanya, mradi aonyeshwe namna.

Wengi hupona kwa antibiotiki. Wengine hupata jipu la mapafu, au usaha ukazunguka pafu, au wakahitaji mashine ya kupumulia. Wazee dhaifu hufariki. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uliokwisha kukomaa, nimonia hii hurudi tena na tena, na mpira wa kulishia haujaonekana kuizuia. Kabla ya kuukubali, muulizeni daktari waziwazi anategemea umsaidie nini mgonjwa wenu.