Ukiambiwa kizazi kinatolewa: niliyoyapitia na ninayokushauri

Wiki hii dada mmoja kaniandikia. Ana uvimbe kwenye kizazi, kila mwezi damu inamtoka mpaka anapata kizunguzungu, na sasa daktari amemwambia bora kitolewe. Kaniuliza nimwambie ukweli, ajiandae na nini. Nimeshamjibu, lakini maswali ya aina hii yananijia mara kwa mara, basi leo naandika kwa wote.

Kabla ya operesheni maisha yangu yalikuwa yanapangwa na hedhi. Nguo nyeusi, pedi mbili kwa pamoja, na kila niendako natafuta kiti cha nyuma kabisa ili nikinyanyuka pasiwe na mtu wa kuona nguo yangu. Nikipanda ngazi moyo unanidunda hadi nausikia masikioni, kumbe damu mwilini imeshuka vibaya. Dawa nilitumia, zikanipa nafuu ya muda, uvimbe ukaendelea kukua. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani mwanamke huamka tu asubuhi akaamua kutoa kizazi. Hakuna anayefika hapo kirahisi.

Kwa hiyo, dada yangu, kwanza uliza. Kama si saratani, mara nyingi zipo njia nyingine za kujadili: dawa, kitanzi chenye homoni, kutoa uvimbe peke yake kizazi kikabaki, au kuziba mishipa ya damu inayoulisha. Huenda zisikufae, ila ni haki yako kuambiwa kwa nini hazikufai. Uliza pia watapitia wapi: watafungua tumbo, watapitia ukeni, au watatumia matundu madogo yenye kamera. Na ovari, yaani vifuko vya mayai, je? Hili la ovari wengi wetu hatuelezwi vya kutosha. Zikitolewa zote mbili kabla hujakoma hedhi, unaingia kwenye ukomo wa hedhi mara moja: joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, na mifupa inakosa kinga yake. Zikibaki, homoni zinaendelea kutoka, ingawa ukomo unaweza kukuwahi kidogo. Mimi niliuliza mpaka nikaelewa, nikasaini fomu nikijua kinachotolewa na kinachobaki. Zangu zimebaki, na najivunia kwamba sikuogopa kuonekana msumbufu.

Nilifunguliwa tumbo. Nilizinduka mdomo umekauka, dripu mkononi, mpira wa mkojo umeshawekwa. Maumivu ya kidonda yana dawa, omba dawa kabla hayajakuzidi. Lililonishangaza ni gesi. Utumbo ukishaguswa hulala kwa muda, hewa inajikusanya, tumbo linakaza kama ngoma. Nesi wetu akiingia wodini salamu yake ilikuwa, "Mama, umetoa hewa?" Usione haya. Ukitoa hewa ni habari njema, utumbo umeamka.

Kesho yake akaniambia tunasimama. Nilimwangalia nikidhani kanichanganya na mgonjwa mwingine. Akanifundisha hivi: geuka ubavu, shusha miguu ukingoni, jisukume juu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukandamize mto juu ya mshono. Mto huohuo ukumbatie unapokohoa, kupiga chafya au kucheka. Hatua chache za kwanza jasho lilinitoka. Lakini kutembea mapema kunasaidia damu isigande miguuni, kwa hiyo usimkatalie nesi akija kukuinua. Ukirudi nyumbani endelea kidogo kidogo, kunywa maji, kula vyenye nyuzinyuzi, maana kusukuma choo kigumu wakati una mshono ni mateso.

Nyumbani ndiko nilikoumizwa, na si na kidonda. Mshono wa nje ulifunga vizuri, watu wakaanza kuniangalia kama mtu anayedeka. "Mbona umepona?" Hawajui kwamba kama kizazi kimetolewa pamoja na mlango wake, ndani kabisa, juu ya uke, kuna mshono mwingine ambao hakuna anayeuona. Aliyefunguliwa tumbo kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8, aliyefanyiwa kwa matundu madogo au ukeni mara nyingi hupona mapema zaidi. Katika muda huo usibebe ndoo iliyojaa, usinyanyue mtoto, usisogeze kochi. Uchovu unaweza kukuangusha mchana kweupe, tumbo likavimba jioni, damu kidogo au uchafu ukatoka kwa wiki kadhaa. Hayo yanatarajiwa. Tafuta mapema mtu wa kukusaidia kazi, na ukishasema hapana usijieleze.

Kisha yapo maneno. Mtu wa karibu sana alikaa kitandani kwangu akaniambia sasa nimebaki mwanamke jina. Nilinyamaza siku ile. Leo nasema: acheni! Mwanamke hapimwi kwa kizazi, na anayetoka chumba cha upasuaji hahitaji hukumu yenu. Mnaambizana tumboni hubaki shimo, wakati utumbo hujisogeza na kuijaza nafasi. Mnasema hamu ya tendo la ndoa inakufa, wakati wapo wengi ambao tendo limekuwa bora baada ya damu na maumivu kwisha. Subiri tu daktari akukague na kukuruhusu, mara nyingi ni kuanzia wiki ya 6, na kama kuna ukavu tumia kilainishi. Mume naye aelezwe haya mapema, ikiwezekana aje nawe kliniki asikie mwenyewe.

Ukilia, lia. Mimi nilifurahi damu imekoma na bado nikalia kwa kitu nilichopoteza, yote mawili ndani ya siku moja. Huzuni ikigoma kuondoka wiki baada ya wiki, mwambie daktari kama unavyomwambia maumivu.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, usaha au harufu mbaya, mkojo kugoma kutoka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika: nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na kizazi kilichotolewa kwa kawaida hupelekwa maabara kuchunguzwa. Fuatilia majibu hayo mpaka uyapate. Kama mlango wa kizazi umebaki, endelea na vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi kama zamani.