Kofia za viua: anzeni na kitambaa cha pamoja

Kama mtaani kwenu bado yupo bibi anayeshona kofia kwa mkono, msimpelekee kamera kwanza. Mpelekeeni kitambaa, uzi na wasichana watatu wanne wa kukaa naye mkekani. Huku Wete, Pemba, nimeona wengi wakija kupiga picha kofia za viua, zile zenye nakshi ya vitundu vilivyozungushwa uzi, na sijaona picha iliyomfunza mtu kuzungusha uzi kwenye kitundu.

Ufundi wenyewe uko hapo, kwenye kitundu. Kitambaa cheupe hukunjwa mara mbili, nakshi ikachorwa kwa penseli, kisha tundu likatobolewa kwa ncha ya sindano nene, nyuzi za kitambaa zisogee kando. Halafu uzi huzungushwa ukingoni, pindi kwa pindi, zibanane hata ukingo usionekane. Ukivuta sana, kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, tundu linapoteza umbo siku kofia itakapofuliwa na kutiwa kanji. Mkono huo haupatikani kwa maelezo. Mwanafunzi akae ubavuni mwa mshonaji, aone kidole gumba kinabana wapi.

Sisi tulianza na kitambaa kimoja kikubwa cha kutundikwa ukutani, badala ya kila mtu kushika kofia yake. Kofia ya mkono inakula wiki nyingi, na msichana wa skuli hukata tamaa kabla hajafika nusu ya ukanda. Kwenye kitambaa cha pamoja kila mmoja ana kipande cha ukubwa wa kiganja. Bibi anashona nakshi aliyoipata kwa mama yake, anayeanza anashona mstari wa vitundu pembeni. Mara mabibi wakaanza kubishana: "Hiyo si yetu, hiyo ya watu wa Chake!" Waacheni wabishane. Mabishano hayo ndiyo yaliyozitoa nakshi zilizokuwa zimelala. Bibi mmoja aliondoka kwa hasira, akarudi na kofia ya marehemu mumewe, imepauka, ukanda umechanika, na nakshi yake hakuna kati yetu aliyekuwa akiishona tena. Tuliinakili palepale kwenye karatasi ya miraba. Fanyeni hivyo kwa kila kofia kuukuu, na andikeni jina la aliyeishona.

Kaeni baada ya sala ya alasiri, mahali penye mwanga wa jua. Taa za usiku zinawaumiza wazee macho.

Mkihitaji chumba skulini, nendeni na hoja. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unahesabu ufundi wa jadi wa mikono kuwa urithi wa kulindwa, na kurithisha kwa mafunzo, ya darasani na ya nje ya darasa, ni katika njia za kuulinda zilizotajwa humo. Mwalimu mkuu akilisikia hilo hatawaona tena kuwa ni wanawake waliokuja kupitisha wakati.

Lakini hayo yote hayasimami bila fedha. Kofia za mashine kutoka nje zinauzwa kwa bei ambayo mkono haushindani nayo, na wapo wachuuzi wanaoitumia bei hiyo kumshusha mshonaji. Mmoja alitutajia bei isiyofidia hata jioni alizokaa mtu na sindano. Tulikataa, na tungekataa tena. Uzeni wenyewe, kwa familia zinazotayarisha nikaha na kwa watu wanaojiandaa na Idd, maana bwana harusi anayevaa kanzu nzuri huitazama kofia kabla ya kitu kingine. Chukueni kianzio kabla sindano haijaingia kitambaani. Na akija mfadhili akataka muwashonee watalii twiga na simba, mshukuruni, mkatae. Watoto watakuja kuamini kwamba hizo ndizo nakshi za Pemba.

Kitambaa kikimalizika msikifungie ofisini mwa mtu. Kitundikeni penye kupita watu, mabibi wapite wawaonyeshe wajukuu vipande vyao.

Na mvulana akija mkekani, msimfukuze. Lamu wanaume hushona kofia mbele za watu na hakuna anayewashangaa. Kwetu wamekwisha kuingia wavulana wawili, na mmoja wao anashona ukanda wa kofia anayotaka kuivaa Idd.