Maktaba ya nje kwenye mradi wa Java: kuipakua peke yake hakutoshi

Mkuu, nimeyasoma maelezo yako. Mradi wako wa kusajili wagonjwa wa zahanati uko kwenye NetBeans (programu ya kuandikia msimbo), kiendeshi cha MySQL, yaani maktaba ya nje inayoiunganisha Java na hifadhidata ya MySQL, umeshakipakua, msimbo hauna mstari mwekundu hata mmoja, lakini ukiuendesha unaletewa "No suitable driver found for jdbc:mysql://localhost:3306/zahanati". Nimekaa na wanafunzi wengi wa miradi ya mwaka wa mwisho, na jambo hili huwakwamisha kuliko hata SQL yenyewe, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu kidogo.

Java inazihitaji klasi zako kwa nyakati mbili tofauti: wakati wa kukompaili na wakati wa kuendesha programu. Tazama juu kabisa ya faili lako. Bila shaka ume-import java.sql.Connection, java.sql.DriverManager na java.sql.PreparedStatement. Zote hizo zimo ndani ya JDK, kifurushi cha Java chenyewe. Hujataja popote klasi ya MySQL yenyewe, ndiyo maana kompaila haikulalamika. Kiendeshi kinahitajika baadaye, pale DriverManager inapopewa anwani inayoanza na jdbc:mysql na kuanza kuviuliza viendeshi vilivyojisajili kama kuna kinachoifahamu. Kisipopatikana hata kimoja, unaletewa ujumbe huo.

Java huzitafuta klasi kwenye classpath tu, yaani orodha ya mahali ilipoelekezwa itafute. Folda ya Downloads haimo kwenye orodha hiyo, hata kama jar (faili linalobeba klasi za kiendeshi) iko humo tangu wiki iliyopita.

Kwanza hakikisha una faili lenyewe. Kwenye tovuti ya MySQL unachagua "Platform Independent" na kupata zip. Usiiongeze zip kwenye mradi. Ifungue, ndani utakuta faili linaloanza na mysql-connector-j na kuishia na .jar, hilo ndilo unalolitaka. Mafunzo mengi ya YouTube bado yanaliita mysql-connector-java, jina lililobadilishwa kuanzia toleo la 8.0.31 mwaka 2022, kwa hiyo usihangaike ukiona majina hayalingani.

Sasa tengeneza folda inayoitwa lib ndani ya folda ya mradi na uinakili jar humo. Rudi NetBeans, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya "Libraries", chagua "Add JAR/Folder", kisha ielekeze kwenye lib. Dirisha hilohilo linakuuliza njia iandikwe vipi: chagua "Relative Path". Watu wengi huliruka swali hili, na ndilo linaloamua kama mradi utafunguka kwenye mashine nyingine. Ukichagua njia kamili, mradi unakumbuka C:\Users\ na jina lako, mahali ambapo hapapo kwenye kompyuta ya msimamizi wako. Nimemwona binti mmoja amefika kwenye uwasilishaji na flashi yake, mradi uliokuwa ukifanya kazi usiku uliopita ukafunguka na jina jekundu, na dakika zake za kujieleza zikaishia kwenye kuitafuta jar. Aliijua kazi yake vizuri sana, na iliniuma.

Ili uwe na uhakika, weka kwa muda mstari huu kabla ya kuunganisha: Class.forName("com.mysql.cj.jdbc.Driver"). Tangu JDBC 4.0 (JDBC ni mfumo wa Java wa kuunganisha hifadhidata) iliyokuja na Java 6, mwaka 2006, hauhitajiki kwenye programu ya kawaida kama yako, ila kwa kupima unafaa sana. Ukileta ClassNotFoundException, jar haimo kwenye classpath. Ukipita kimya na bado ujumbe wa kwanza unarudi, kagua anwani herufi kwa herufi, maana "jdbc.mysql" badala ya "jdbc:mysql" huleta kosa lilelile.

Ukitaka kuiendesha nje ya NetBeans, fanya "Clean and Build". Kwa mradi wa Ant (zana ya kujengea mradi) utapata folda ya dist yenye jar yako na folda ya lib kando yake. Zihamishe zote mbili pamoja. Kwenye terminali ya Windows, ukiwa ndani ya folda yenye klasi zako na lib, unaandika java -cp ".;lib/*" Main. Kwenye Linux na Mac, nukta mkato inakuwa nukta mbili. Ukitumia java -jar, ile -cp (yaani classpath) inapuuzwa kabisa.

Wanaotumia Eclipse badala ya NetBeans wanapita "Build Path", kisha "Configure Build Path", na kwa mradi mdogo waiweke jar chini ya Classpath, si Modulepath.

Wapo watakaokwambia uhamie Maven, zana inayokupakulia maktaba, leo hii. Mimi nakushauri ufanye kwa mkono kwanza mpaka uelewe kinachotokea, kisha uhamie. Utaiona faida yake siku utakapotaka kutoa ripoti za Excel kwa Apache POI, ambayo nayo inadai maktaba nyingine kama xmlbeans, commons-compress, commons-collections4 na nyinginezo. Ukiziongeza moja moja utakutana na NoClassDefFoundError kila unapodhani umemaliza, ilhali Maven huzivuta zote yenyewe na kuzihifadhi kwenye folda ya .m2. Bando litaliwa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo mvn -o inafanya kazi bila intaneti.

Baada ya haya yote, ukiona "Access denied" au "Communications link failure", furahi: kiendeshi kimeshapatikana, sasa kagua nywila, au angalia kama seva ya MySQL imewashwa. Ukikwama tena, bandika hapa ujumbe wote wa kosa pamoja na mistari ya "Caused by", usikate wa juu peke yake.