Oili ya sinthetiki, filta yoyote?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina lori la dizeli, nabeba chumvi toka Gongoni mpaka Mombasa. Nimehamia oili ya sinthetiki juu inakaa muda mrefu, sasa muuza spea hapa Malindi aniambia filta yoyote yafaa bora thredi ziingiane. Ni kweli?
Dereva, Maweni

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Si kweli, na hilo neno la bora iingie limeua injini nyingi sana. Filta ya karatasi waweza kuitumia na sinthetiki kama unamwaga oili kwa muda ule ule wa zamani. Ukirefusha ndo taabu, oili bado nzima lakini karatasi ishajaa masizi, ikiziba, valvu ya pembeni inafunguka na oili inapita hivyo hivyo bila kuchujwa, uchafu wote unaingia kwa beringi na taa ya dashibodi haiwaki hata. Kwa hivyo tafuta ya nyuzi za sinthetiki, soma boksi uone ni ya kilomita ngapi, na namba ilingane na kitabu cha lori lako maana presha ya hiyo valvu hutofautiana hata umbo likiwa moja. Kama ina raba ya ndani ya kuzuia oili isirudi ukizima, chagua ya silikoni, yastahimili joto. Mimi afadhali nipunguze kwingine kuliko filta.

Ukifunga, hakikisha raba ya filta kuukuu haijagandia kwenye injini, zikikutana mbili oili yote itamwagika njiani.