Kabla Hamjagawana Vitu vya Mama, Ifungueni Biblia Yake

Wasifu wa mama niliuandika usiku mmoja, mpaka alfajiri. Nikaandika siku aliyozaliwa, alipobatizwa, alipofunga ndoa, watoto 5, wajukuu 11. Nikaongeza kwamba alikuwa mcha Mungu, mpole, mwenye upendo kwa wote. Siku ya mazishi niliusoma, watu wakalia, nami nikalia. Wiki tatu baadaye nikauchukua tena nikiwa peke yangu, na moyo ukaniuma. Hapakuwa na uongo hata mstari mmoja, lakini mama hakuwemo. Ungefuta jina lake ukaweka la mama mwingine yeyote wa kanisani, hakuna ambaye angegundua.

Aliyenirudishia mama ni binti wa dada yangu, mwenye miaka 14. Wakati sisi wakubwa tunajadili nani achukue nini, yeye aliomba Biblia tu. Jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, na kurasa za Zaburi zilikuwa zimelainika kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi. Jioni moja alinijia nayo ikiwa wazi. "Mjomba, hii si herufi ya jina lako?" Pembeni ya Zaburi ya 121 palikuwa na maandishi ya penseli: herufi yangu, tarehe ya mwaka 1998, na chini yake maneno mawili, "Amelala sasa." Ni usiku niliolazwa hospitalini, nikihema kwa shida. Nilikuwa mtoto, nilichokumbuka ni mkono wake kwenye paji la uso wangu. Sikujua kwamba mkono wa pili ulikuwa umeshika penseli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa aliyefiwa na mama wa namna hii ni huu: msiharakishe kugawana. Pitieni kwanza Biblia yake, kitabu chake cha nyimbo, daftari la maombi, vikaratasi alivyochomeka katikati ya kurasa. Msivitoe vikaratasi hivyo kabla ya kuvipiga picha pale pale vilipo, maana mara nyingi ukurasa alimovichomeka ndio maelezo yenyewe. Pigeni picha kila ukurasa wenye maandishi, karibu na dirisha, ili mwanga uje kwa ubavu. Penseli iliyofifia huonekana vizuri zaidi hivyo. Palipochanika msibandike selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuiharibu karatasi. Kisha kitabu kikae mahali pakavu, mbali na jua.

Baada ya hapo, waulizeni watu wa nje ya nyumba. Hapa nilijifunza kwa Dorkasi, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakumtolea Petro hotuba, walimwonyesha nguo. Basi niliacha kuuliza "Mama alikuwaje?" kwa sababu jibu lake ni lile lile kila mahali: alikuwa mtu mzuri sana. Nikaanza kuuliza, "Mama alikufanyia nini?" Majibu yakabadilika siku hiyo hiyo. Mwanamke mmoja alinyamaza kwa muda, akaniambia kwamba mama alimfundisha kusoma, jioni moja moja, kwa kutumia Injili ya Marko, na kwamba hakuna aliyepata kujua. Sisi watoto tulikuwa tukidhani anakwenda mazoezi ya kwaya.

Wajukuu waulizeni peke yao, wazazi wao wasiwepo. Timotheo alikuwa na bibi aitwaye Loisi, na Biblia nzima inamtaja mara moja tu, lakini Paulo anamtaja kwa jina, pamoja na Eunike, mama yake Timotheo, kama mtu ambaye imani ilikaa kwake kwanza. Wajukuu hubeba vitu ambavyo sisi hatukupewa. Kwetu mama alikuwa mkali wa sala: magoti chini, mgongo umenyooka, hakuna kusinzia. Wajukuu wanasema walikuwa wakilala mapajani mwake katikati ya maombi, naye akiendelea kuomba kwa sauti ya chini ili asiwaamshe. Nakiri kwamba niliona wivu kidogo kusikia hivyo.

Lipo jambo lililotugawa. Kwenye daftari lake jina moja lilijirudia kuliko hata yetu: mtu aliyemtendea mama ubaya mkubwa, na ambaye nyumbani tulizoea kutomtaja. Na pembeni ya kitabu cha Ayubu, mwaka aliokufa baba, alikuwa ameandika, "Bwana, mbona kimya?" Baadhi ya ndugu zangu walitaka kurasa hizo zifichwe. Mimi nasema zisifichwe. Jina la mtu yule tumelinyamazia, ni haki yake, lakini wajukuu wanajua kwamba kwa miaka mingi bibi yao alimwombea mtu aliyemuumiza, na kwamba alipata kumuuliza Mungu swali na kukosa jibu, na Jumapili iliyofuata akaenda ibadani. Mtoto anayeambiwa kwamba bibi hakuwahi kutikisika atadhani imani yake mwenyewe ni mbovu siku itakapotikisika.

Kuhusu jiwe la kaburi tulibishana mno, na muda ule ungetosha kuwatembelea wazee wenzake wote. Monika, mama yake Augustino, yule askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, kwao Afrika Kaskazini. Mauti yalimkuta Ostia, Italia, mwaka 387, naye akawaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke madhabahuni pa Bwana.

Wewe ambaye mama yako bado yupo, mrekodi leo kwa simu. Usimwombe asimulie maisha yake, atasema hana la kusema. Mwombe akuombee, umrekodi akiomba, kwa ridhaa yake. Na ujumbe wa sauti aliokutumia uuhifadhi mahali pengine kabla hujabadilisha simu.

Kwenye daftari la mama kuna herufi mbili ambazo mpaka sasa hatujui ni za nani. Tumeuliza ndugu, majirani, waumini wenzake, hakuna anayezitambua. Binti wa dada yangu humwombea mtu huyo kila Jumapili, kisha huandika tarehe pembeni, kwa penseli.