Anza na Makaa, Mizinga Baadaye: Kwa Mnaoanza Kusoma Kruza za Kijerumani

Karibuni nyote mnaoanza kusoma manowari za zamani. Najua kinachowavuta wengi: mizinga. Mtu anahesabu midomo, anapima kipenyo, kisha anaamua nani angemzamisha nani. Baada ya miaka mingi na kruza nyepesi za Kijerumani, yaani manowari ndogo za mbio, zile zilizojengwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza, ushauri wangu wa kwanza kwa kila mgeni ni mmoja: uliza kwanza meli ilibeba makaa kiasi gani, na ingeyapata wapi mengine yakiisha.

Ukoo huu unaanzia kwa Gazelle na ndugu zake tisa, waliojengwa kati ya 1897 na 1904. Ujerumani ilitaka chombo kimoja kifanye kazi mbili: kupeleleza mbele ya kundi la manowari kubwa karibu na nyumbani, na kuzunguka makoloni ng'ambo. Kila kimoja kilifungwa mizinga kumi ya sentimita 10.5. Wakafuata Bremen na wenzake, saba kwa jumla, halafu Königsberg na wenzake, wanne kwa jumla, halafu Dresden na Emden. Mizinga ilibaki ileile kumi. Kilichokuwa kikibadilika ni mbio na mitambo, na hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kukaa.

Tazama jinsi walivyofanya majaribio. Katika kila kundi kati ya hayo matatu ya mwisho, meli moja ilipewa turbini, yaani mtambo wa mapanga yanayozungushwa na mvuke, na nyingine zikabaki na injini za mvuke za pistoni: Lübeck, kisha Stettin, kisha Dresden. Faida ilionekana vitani. Mwezi Desemba 1914 karibu na visiwa vya Falkland, Waingereza waliwafukuza Wajerumani siku nzima. Nürnberg na Leipzig, za pistoni, zilifikiwa na kuzamishwa. Dresden ya turbini ikaponyoka, peke yake katika kruza zote za Wajerumani zilizokuwa pale. Lakini ilikwenda wapi? Ilijificha pwani ya Chile miezi mitatu, na Machi 1915 ikakutwa kisiwani Juan Fernández, makaa yakiwa yamekwisha na mitambo imechoka. Mbio bila makaa zilikuwa zimeipa miezi mitatu tu.

Sasa Königsberg, ambayo kwetu Afrika Mashariki ina uzito wake. Ilianza kazi mwaka 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115, na uzito kama tani 3,390. Ukikuta kitabu kingine kinasema 3,814, usishtuke: namba ya kwanza ni ya meli yenye mzigo wa kawaida, ya pili ni imejazwa kabisa. Andika daima umechukua ipi. Mbio nazo zisome vivyo hivyo. Maili za baharini 24 kwa saa ni za siku ya majaribio, meli ikiwa mpya na chini yake safi, si za meli iliyokaa miezi kwenye maji ya joto bila kuparuzwa. Na umbali wa maili 5,750 unaoandikwa ni kwa mwendo wa maili 12 tu kwa saa. Ukiongeza mbio, tanuru hula makaa kwa pupa na umbali huo hupungua vibaya. Kumbuka pia kwamba ubavuni haikuwa na mkanda wa chuma. Kinga yake ilikuwa sitaha ya chuma ndani ya tumbo, pamoja na makaa yenyewe yaliyopangwa kandokando, kwa hiyo safari ndefu ilikula hata kinga.

Ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Watu wa pwani wakaiita manowari ya bomba tatu, na jina hilo ni ushahidi wa kweli kabisa: mabomba ya moshi ndiyo alama ya kwanza unayoiona kwa mbali. Gazelle zina mawili. Zoea kuyahesabu kabla hujasoma maelezo chini ya picha.

Vita vilipoanza, Waingereza walinunua makaa katika bandari za Wareno ili yasimfikie Looff. Tarehe 6 Agosti Looff aliikamata City of Winchester, meli ya mizigo ya Waingereza, nje ya pwani ya Omani, na kabla ya kuizamisha akachota makaa yake. Kisha akaingia delta ya Rufiji, akatia nanga Salale. Waingereza hawakudhani meli kubwa hivyo ingepita kwenye mikoko ile, lakini Wajerumani walikuwa wameshaipima mito hiyo kwa meli yao ya uchunguzi, Möwe. Kwa hiyo mnaponiuliza silaha kubwa ya Königsberg ilikuwa ipi, nataja ramani ile ya vina vya maji.

Alfajiri ya 20 Septemba 1914 ikatoka na kuikuta Pegasus, kruza ya Waingereza, bandarini Unguja, mitambo ikitengenezwa. Hapa wanaopenda kipenyo hupotea. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya inchi 4, yaani karibu sentimita 10.2, tofauti na ya Wajerumani kwa milimita chache tu. Hata hivyo makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kufika, kwa sababu mizinga ilikuwa ya zamani na haikutupa mbali. Soma daima masafa pamoja na kipenyo. Ukitaka kuona uzito wa kombora nao unavyoamua, nenda kwa Emden, iliyokutana na kruza Sydney ya Australia tarehe 9 Novemba 1914 kwenye visiwa vya Cocos. Emden ndiyo iliyopiga kwanza. Lakini kombora moja la Sydney lilikuwa na kilo 45, zaidi ya mara mbili ya lake, na Emden ikashindwa.

Baada ya Unguja injini ya Königsberg iliharibika, nayo ikarudi Rufiji. Hapa tafadhali msiharakishe. Vipande vizito vya mitambo vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, na waliovuta ni Waafrika. Vitabu vingi vinataja cheo cha kila ofisa na kuwapita hawa kwa sentensi moja. Ukiwa na babu au bibi wa Rufiji, Kibiti au Mafia aliyesimuliwa na wazazi wake, muulize, uandike, utaje kijiji. Kazi hiyo ina thamani kuliko jedwali jingine la mizinga.

Mwisho wake ulikuja 11 Julai 1915, kwa Severn na Mersey, manowari bapa za Waingereza zilizoagizwa kwanza na Brazil. Zilizama majini chini ya mita 2 tu, zikaweza kupanda mto, huku ndege zilizoruka kutoka Mafia zikizielekeza makombora yanaangukia wapi. Shambulio la siku tano kabla lilishindwa.

Jihadharini na majina. Ujerumani ilizindua Königsberg nyingine mwaka 1915 na ya tatu 1927, na kruza zilizoitwa Emden pia zilikuwa tatu. Picha huchanganywa kila siku.

Tena msifunge daftari meli inapozama. Mizinga yote kumi ya Königsberg ilitolewa na kupigana nchi kavu na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye ikaitwa Liemba. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus. Nendeni na utepe wa kupimia, mpime midomo yote miwili wenyewe.