Kwa nini uvimbe wa saratani umejaa seli zisizo za saratani?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ni mvuvi, tuko Kayenze hapa Mwanza. Amekatwa uvimbe wa ulimi. Majibu ya kinyama kilichopimwa yanasema ni saratani, ila sehemu kubwa ni nyuzinyuzi na seli za kawaida. Je, maabara wamekosea? Na kwa nini mpasuaji alikata hata nyama iliyoonekana nzima?

Jibu: Marahaba. Poleni sana, wewe na mzee. Majibu hayo hayapingani.

Uvimbe wa saratani ya kinywa au koo haujengwi na seli za saratani peke yake. Ndani yake mna mishipa ya damu, seli za kinga, na hasa faibroblasti, yaani seli zinazofuma kolajeni, zile nyuzinyuzi za protini zilizotajwa kwenye majibu yenu. Ndizo huziba pale ulipojikata na kisu cha samaki, na kidonda kikipona hutulia. Saratani huzidanganya: humwaga kemikali, mojawapo huitwa TGF-beta, zinazoziarifu kwamba jeraha bado liko wazi. Basi zinafuma tu, hazipumziki. Mwaka 1986 mtafiti Harold Dvorak wa Marekani aliuita uvimbe wa saratani jeraha lisilopona, na mimi sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Mnajua mwalo ukijaa magugu maji: mvuvi anauona ufukwe, lakini mtumbwi haufiki. Kolajeni iliyorundikana huzikwamisha seli za kinga vivyo hivyo, na dawa nayo huweza kupenya kwa shida. Zaidi ya hapo, faibroblasti hutoa vimeng'enya vinavyopasua njia, seli za saratani zikafuata nyuma hadi nyama jirani. Kwa hiyo mpasuaji hukata kama sentimita 1 kupita pale jicho linapoona mwisho wa uvimbe.

Huenda utauliza, si faibroblasti ziuawe zote? Ilijaribiwa kwa panya wenye saratani ya kongosho. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha ugonjwa ukizidi ukali, maana baadhi ya seli hizi huizuia saratani. Sasa watafiti wanatafuta namna ya kuzituliza.

Mzee kama anavuta sigara, namsihi aache leo. Moshi hupunguza nguvu ya tiba ya mionzi, kama atahitaji kupewa. Na mkirudi kliniki, iwe Bugando au kwingine, ulizeni mambo mawili: ukingo wa kinyama ulikuwa safi, yaani bila seli za saratani? Tezi za shingoni zimekutwa na saratani? Daktari hutegemea sana majibu hayo anapoamua kama mzee anahitaji mionzi.